Uso Wako Nilioufunika

Dada yangu,

Huku pamba imeanza kupasuka, Mama mzima, na mimi nimekukosea. Nianze na kosa.

Unakumbuka siku tulipokurekodi kwenye chumba cha mikutano cha chama chenu, huko ng'ambo ya mpaka. Wenzako wawili waliomba sura zao zifichwe, tukaandikiana makubaliano. Wewe ulivuta kiti karibu na kamera, ukauliza kama taa inakutosha. Nilikuuliza mara tatu kama una uhakika, maana ukitambuliwa unaweza kurudishwa nyumbani kwa nguvu. Ukacheka, ukasema nimeanza kuongea kama mtendaji wa kijiji. Kisha ukasimulia habari za mteja aliyekupiga, na kituo cha polisi ulikokwenda ukivuja damu, wakakuuliza pasi ya kusafiria kabla ya kukuuliza habari za jeraha. Ulitaka filamu iseme hilo tu: kwamba mwanamke anayeuza mwili ugenini, akipigwa, aweze kushtaki bila kufukuzwa nchini.

"Weka sura yangu," ulisema. "Nimechoka kusemewa na watu wasioniona."

Nilikubali. Nikarudi Bariadi, nikakaa kwenye kompyuta, nikaufunika uso wako kwa ukungu na sauti nikaibadilisha. Sikukupigia simu. Nilijiambia ni kwa usalama wako, lakini huo ulikuwa uongo. Miaka saba Mama amewaambia watu wa kijijini kwetu Migato kwamba unauza vitenge, kwa sababu ndivyo sisi wawili tulivyomwambia. Na mimi, ninayezunguka na filamu za haki za watu, nilikuonea aibu.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili nilikwenda nyumbani, Mama akataka kuona kazi inayonilisha. Nikamfungulia filamu, nikiwa na uhakika hatakujua. Alikuwa anakata viazi vya michembe, vya kuanika juani. Ulipoanza kuongea huku unanyofoanyofoa nyuzi za kanga yako, vile unavyofanya tangu utoto, aliweka kisu chini.

"Hiyo mikono imechuma pamba yangu," alisema. "Mbona mmemfunika uso mwanangu? Amekufa?"

Nilimwambia u hai. Kisha nikamweleza yote: kazi yako, kipigo, kituo, na kwamba uso niliufunika mimi bila ruhusa yako. Akaniagiza niirudishe filamu mwanzo. Tuliitazama mara mbili. Akauliza kama lile jeraha lilipona. Nikamwambia sijawahi kukuuliza.

Ukungu nimeuondoa, na sauti yako nimeirudisha. Mwezi ujao filamu itaoneshwa hapa mjini mbele ya maofisa wa ustawi wa jamii na wa uhamiaji. Nakutumia uitazame kwanza. Kama umebadili mawazo, sema, nami nitafanya utakavyo. Sura ni yako, sikupaswa kukuamulia.

Nisamehe, dada. Nimekukumbuka, ingawa kwenye simu huwa naishia kuzungumzia mvua.

Mama amenipa ujumbe, nikaahidi kuufikisha kama ulivyo. Anasema amekasirika sana, na uje akugombeze mwenyewe.

Ni mimi,
mdogo wako.