Karani Aliyefungua Mkoba Wako

Kamwene, Baba.

Ni mimi, binti yako Agnesi. Hapa Igowole mahindi yametoka vizuri na Mama hajambo, ila nimefanya jambo la kijinga na naogopa.

Tangu tukuzike, wagonjwa wako wanakuja kwangu, hasa wale ambao dawa yao kubwa ni kusikilizwa. Unakumbuka ulivyokataa kusikia neno lolote kabla mgonjwa hajatoa kifungua mkoba, ile ada ya mganga? Shilingi, kuku, hata yai, lakini atoe kwa mkono wake. Nilikuwa nakucheka nikikuita mchoyo. "Si uchoyo, mwanangu," ulisema. "Aliyefungua mkoba ndiye nitakayemjibu."

Basi mwezi uliopita akaja karani wa shamba la chai, viatu vinang'aa, akaweka mkekani noti tatu za shilingi ishirini. Akasema shamba litawalipia manamba wote watakaotibiwa kwangu. Nilifurahi, Baba! Niliwaza wale wa mbali wasio na senti, nikazipokea kwa mikono miwili.

Wa kwanza alikuwa Andulile, Mnyakyusa wa upande wa Mbeya. Hakutoa kitu, shamba limeshalipa. Alilia sana. Mashine ya kiwandani ilimkata mwenzake mkono, na tangu siku hiyo akiikaribia tu anatetemeka mwili mzima. Kisha akaninong'oneza kwamba atatoroka kabla ya mkataba kwisha, arudi kwa watoto wake.

Jana karani alirudi. "Dada, yule anaumwa kweli au mvivu tu? Alikuambia nini? Si sisi tuliofungua mkoba?" Naye ni Mhehe kama sisi, anaijua desturi kuliko nilivyoijua mimi.

Nikisema anataka kutoroka mkataba, Andulile atafungwa. Nisiposema, wenzake watakatazwa kuja, na mimi sijui watanifanya nini. Nikadanganya kwamba sijamaliza kumpima. Karani anarudi kesho.

Nimemuuza mbuzi wako mweusi ili nizitimize zile noti, maana moja nilishaitumia. Usinikasirikie. Asubuhi nitamtafuta Andulile kwanza, nimweleze kwamba niliyauza maneno yake kabla hajayasema. Hilo naliogopa kuliko karani. Akinitukana, ana haki.

Pumzika, Baba. Nakuahidi noti zote tatu zitarudi mkononi mwa karani. Na aliyoyasema Andulile, huyo karani hatayasikia kwangu.

Mwanao,
Agnesi