Siondoki kwenye Mikaratusi Yangu

Sindeni, Handeni,
Tanga.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Hujambo huko Songea, na wifi Mwanahawa je? Kile kifua chako kinastahimili baridi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Masika yamekuwa mazuri na mahindi yamebeba.

Kwenye simu uliniambia nifunge mizigo nirudi kwa mama huko Kwamndolwa, kwamba mjane hana ubavu wa kupambana na ukoo wa mumewe. Nakuandikia kwa sababu siku ile hukunipa nafasi ya kusema. Kaka, sirudi.

Shemeji yangu Ukasha aligutuka mikaratusi niliyoipanda shambani iliponipita kimo. Akaja akasema, "Shemeji, mwanamke analima mahindi, hapandi miti. Mwenye miti ndiye mwenye ardhi."

Nikamwambia, "Mashimo nimechimba mimi, maji nimebeba mimi kichwani. Basi umeshasema mwenyewe ardhi ni ya nani."

Akaenda kutangaza kwamba miti yangu itakausha chemchemi. Ni kweli mkaratusi unakunywa maji sana, ndiyo maana niliipanda juu kwenye mawe, mbali na chemchemi, mahali ambapo hata mtama ulikuwa unagoma. Watu wakapanda huko juu kutazama, wakaona ni kweli, wakashuka.

Januari, nilipokuwa Kwamndolwa namuuguza mama, Ukasha akaingia na shoka akaikata yote. Niliporudi nililia, sikufichi. Kesho yake akaja kusimama mlangoni: "Sasa si utakwenda kwenu?"

Nikafuta uso. "Umekata, hujang'oa."

Maana mti huu ukiukata unaanza upya kwenye kisiki. Nikapalilia, nikazungushia miiba mbuzi wasifike. Mvua ziliponyesha vikachipua visiki vyote, hata vile alivyovikata hovyo. Kazi inayobaki ni kupunguza: kila kisiki unabakiza machipukizi mawili yenye nguvu, mengine unayaondoa, la sivyo yanagombania chakula na yote yanabaki membamba. Ukasha aliposikia visiki vimechipua akaja na nyasi kavu avichome. Nikakaa juu ya kisiki. Nikamwambia, "Anza na mimi."

Hapo ndipo kijiji kikatuita ofisini. Nilidhani niko peke yangu. Kumbe mama mkwe, bibi Hajira, amejikongoja na fimbo yake mpaka pale. Akamtazama mwanawe usoni.

"Pori lile alilifyeka marehemu na huyu mkewe, mimi nikiwaletea uji. Wewe ulikuwa wapi? Huo ukoo unaousema ulikuwa wapi?"

Mwenyekiti wa kijiji akasema mbele ya wote kwamba shamba ni langu na wanangu, na shemeji asikanyage tena bila ruhusa yangu.

Sasa machipukizi yamenifika begani. Juzi Ukasha ametuma mtu kuulizia boriti za paa, miti ikikomaa. Nimemjibu: "Mama yako kwanza, jiko lake linavuja. Wewe utasubiri."

Ile nauli uliyotaka kunitumia, panda nayo basi uje utuone.

Msalimie wifi na mwanangu Mustafa. Bibi Hajira anakusalimu sana, na watoto wanakuamkia. Mwenyezi Mungu akulinde, akupunguzie hofu juu yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye shamba,

Husna