Moyo Wako Kwenye Kioo cha Simu

Endagikot,
Mbulu, Manyara.
15 Septemba 2025

Mpendwa kaka Festo,

Shikamoo. Najua salamu ndizo hutangulia, lakini nikianza na salamu nitaishia hapo hapo, kama ninavyofanya kwenye simu. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku ukishindana, mimi husali usichomoke kwenda mbele. Wote hapa husali ushinde. Mimi husali ubaki katikati ya kundi, maana hapo moyo wako hupiga taratibu. Ukichomoka namba inapanda, na mimi ndiye ninayeisoma.

Sasa, habari za Hispania? Goti limepona? Unapata ugali, au bado ni tambi kila siku? Sisi ni wazima. Mahindi tumeshapukuchua. Ndama wa Bibi aliyezaliwa ulipoondoka sasa ni mtamba, na ana kiburi. Mimi niko kidato cha tatu na Baiolojia naipenda, hasa sura ya mzunguko wa damu, ingawa siku hizi naisoma kwa wasiwasi.

Barua hii ataipiga picha mwalimu Rogathe na kukutumia kwa simu yake. Ameahidi hataisoma. Namwamini, kwa sababu miwani yake huiacha nyumbani.

Ulipopiga simu wiki iliyopita ulisema kuonyesha namba kwenye mashindano haya ya baiskeli ni majaribio tu, na kwamba kuanzia msimu ujao timu inataka mashabiki waone kila kitu papo hapo: kasi yako, nguvu za miguu yako, na mapigo ya moyo. Ukasema mwendeshaji anaweza kukataa, jibu linatakiwa Ijumaa hii inayokuja, na Mama ndiye ataamua. Mama akajibu kabla hujamaliza, "Waonyeshe." Ukacheka. Wewe hujui hapa nyumbani inakuwaje, kaka, kwa sababu saa hizo uko juu ya baiskeli.

Simu tunaiegemeza kwenye kopo la sukari tukutazame. Hilary fundi baiskeli hufunga kibanda chake na kuja, na majirani nao. Mama hukaa karibu kabisa na meza, wala haangalii picha. Anauliza tu, "Moyo?" Nami nasoma. Baada ya muda mfupi, "Moyo?" Nasoma tena.

Bibi hapendi. Unajua kwao kule tambarare za Hanang ng'ombe hahesabiwi kwa kidole mbele za watu, anajulikana kwa rangi yake na mama yake. Ijumaa iliyopita alisema, "Mtu mzima anahesabiwa mapigo, na wageni wanasikiliza."

Hilary akamtania, "Bibi, siku hizi hata ng'ombe wako wana hereni za namba."

"Hereni iko sikioni," Bibi akasema. "Hii mmeifunga moyoni."

Watu walicheka, ila siku hiyo hiyo Hilary mwenyewe aliacha kucheka. Mlikuwa mnapanda mlima, nikasoma mia themanini na tisa. Hilary akashika kichwa. "Jamaa amekwisha, na wapinzani wake wanaiona namba kama sisi. Ni kucheza karata huku umewageuzia wenzako." Hapo hapo wawili wakakupita. Sijui kama kweli waliambiwa kutoka kwenye magari ya timu zao, au ilitokea tu. Wewe ndiye unajua.

Sasa nikueleze ya Jumamosi, maana Mama hatakueleza.

Mlikuwa kwenye mlima wa mwisho na picha zilikuwa za wale wa mbele. Wewe ulikuwa nyuma, huonekani. Nilisoma mia tisini na moja. Mama alipouliza tena, pale penye namba pakawa na kistari.

"Moyo?"

Nikagusa kioo, kistari hakikuondoka.

"Brightness. Moyo?"

Mama akainama akatazama mwenyewe. Hakulia. Alisimama, akakaza kanga kiunoni, akatoka bila viatu, akashika barabara ya kwenda Katesh.

Ni barabara ile ile, kaka. Ndivyo alivyotoka Desemba ile, tope la mlima Hanang liliposhuka Jorodom na Baba alikuwa amelala huko kwa baba mdogo Nikolausi. Mama alipiga simu siku mbili, na simu ya Baba haipatikani. Ndiyo maana alisema waonyeshe. Kwa Baba hakuwa na mahali pa kutazama.

Kijijini kwetu mwanamke akionekana anakwenda hivyo, watu hawaulizi. Mama Letisia alileta mzigo wa kuni. Nyuma yake akaja mtu na ndoo ya maji, kisha mwingine na kuni tena. Wanaume wakaanza kupanga mabenchi uani. Ulikuwa msiba wako, kaka, na Bibi amekaa katikati yake.

Mimi nilikimbia kumfuata Mama. Hilary akatukuta na baiskeli pale kwenye daraja dogo, ameshika simu juu. Ulikuwa umefika, wa ishirini na tatu, unakunywa soda. Mama akaiangalia picha yako, akasema, "Hiyo ni picha. Nionyeshe namba." Namba haikuwepo. Tulimrudisha huku tumemshika mikono, na hakuamini hadi ulipopiga jioni na kusema mkanda wa kifuani unaopima moyo ulilegea. Akakuuliza kama umekula. Wewe ulisikia hayo tu.

Kuni bado zipo uani. Bibi amekataza zisitumike hata kwa chai.

Siandiki ili nikuamulie. Kasi waonyeshe, nguvu za miguu waonyeshe, mimi na Hilary tunazipenda na tunabishana juu yake. Lakini moyo nakuomba ukatae kuuonyesha. Kwa Mama, ukishavuka mstari mpigie mwenyewe, hata kama unahema.

Mama Letisia anakusalimu, hajaulizia kuni zake. Hilary anasema urudi na mnyororo mmoja wa huko. Bibi anakubariki: njia yako iwe laini, na upepo ukusukume mgongoni.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano. Kabla watu hawajaja nilikata kipande cha plasta kwenye kile kiboksi cha dawa, nikakibandika kwenye kioo cha simu, pale pale inapokaa namba ya moyo wako. Mama alikiona. Alinyoosha kidole akakigusa, akakiacha.

"Anakwenda?" Bibi akauliza.

"Anakwenda," nikasema.

Tuliendelea hivyo mchana wote, Bibi anauliza, mimi najibu, Mama haulizi tena. Mlipokaribia mwisho Mama alisimama ghafla, akatoka. Niliacha simu nikamfuata hadi mlangoni, nikamtazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu. Alichukua ndoo, akaenda kukamua.

Mdogo wako anayekupenda na kukuombea ubaki katikati,

Brightness