Kura ya Kadi za Sauti

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima wa kujikongoja. Macho ya mama yako ndiyo yamezima kabisa, na kumbukumbu zake zinakuja na kwenda. Nashukuru programu yenu ya kompyuta. Tangu daktari aondoe kisanduku changu cha sauti, siwezi kusema; naandika, nayo inamsomea. Jana tuligombana kuhusu chumvi mpaka tukacheka. Mume na mke kamili!

Toleo la majaribio nimelijaribu kwenye kompyuta yangu ya zamani: sauti safi, ila inachelewa kuamka, kama mimi. Mnataka ripoti ziwekwe kwenye ukurasa wenu. Niwaandikie wageni wakati nina mtoto humo humo? Ichukue wewe.

Baba yako

21 Machi

Baba, shikamoo.

Mama anaendeleaje? Nisamehe kuchelewa kujibu. Kwenye kazi ya programu hii tulikuwa tisa, tumebaki watatu, wote wa kujitolea, na mashine ya kujaribia kadi za sauti za zamani, vile vipande vinavyotoa sauti ndani ya kompyuta, imeungua. Hatuwezi kubeba kila kitu. Kanuni yetu ni kwamba kadi isiyo na ripoti ukurasani haina mtumiaji. Hizo za zamani hazikuwa na ripoti hata moja, tukapiga kura kuziacha. Na mimi nilinyoosha mkono.

Toleo jipya limetoka leo. Lako litajiweka lenyewe, nilishakupangia hivyo ili usihangaike.

Mwanao

9 Aprili

Baba, shikamoo.

Mbona kimya? Nikipiga simu inapokelewa, halafu sisikii kitu. Nadhani ni mtandao. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Haikuwa mtandao. Ni mimi niliyepokea. Kompyuta inawaka, maandishi yapo, sauti hakuna. Fundi ameifungua, anasema kadi ni nzima, programu ndiyo haiitambui tena.

Sikutaka kukuandikia, maana nilijua utajilaumu. Lakini nimeshindwa. Mama yako amesahau kwamba sina sauti, anaamini nimemnunia. Anaomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya, hata ya miaka ya ujana wetu. Nikimshika mkono anauondoa. Jirani amemweleza, mama yako anamwambia aache kunitetea.

Mpigie simu mwenyewe. Wewe atakuamini.

Baba yako

13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ripoti yako ninayo hapa, na sikuiweka ukurasani. Niliisoma kama salamu za nyumbani. Roho inaniuma.

Tangu jana nairudisha kadi yako kwenye programu. Wenzangu wanasema hawana nguvu ya kuitunza, nimewaambia nitaitunza mwenyewe. Ila sina mashine ya kujaribia, kwa hiyo sijui itachukua muda gani. Usibadilishe chochote.

Mama nimempigia. Nikamweleza yote, taratibu, kwamba hujamnunia, kwamba ni mashine, na kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kama hajaninunia, mbona hasemi mwenyewe?"

Mwanao