Paa la Wiki Moja

4 Juni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kuliko mashuka unayofua hapo hospitali. U mzima? Goti linakusumbua bado? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Anayeumwa ni cherehani tu, anakata uzi katikati ya sare za shule.

Nakuandikia kwa kuwa simu hupokei. Najua unaogopa sauti ya shemeji yako isije ikasikika nyuma yangu. Basi barua haina sauti.

Dada, tulikwenda kuiona bahari! Tangu mume wangu astaafu udereva wa lori, alikuwa anashinda sebuleni akiangalia geti kama anangoja mzigo. Nikamwambia, "Breki, inuka twende." Tukaazima kigari cha jirani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kila kona anapanua nje kabisa, anachungulia kioo.

"Unafanya nini?"

"Nangoja tela ipite."

"Tela gani, baba? Huko nyuma kuna chupa ya chai na mto wangu!"

Kila lori tukipishana nalo anapiga honi, nalo linamjibu. Sijamwona ameng'aa hivyo tangu harusi yetu.

Hotelini tukapewa chakula cha mchana cha bure, sharti tumsikilize mama mmoja wa mauzo. Kuna nyumba ndogo ndogo pale ufukweni, unanunua wiki moja ya kila mwaka. Wiki hiyo nyumba ni yako na ufunguo ni wako; ikiisha, anaingia mwenye wiki yake. Sikuelewa mpaka Breki aliponinong'oneza: "Ni lori moja, madereva wengi. Zamu yako ikifika, usukani ni wako."

Kalamu zilipogawiwa meza zote nikasema, jamani, mimi siweki sahihi bila sala. Nikasimama, na ukumbi mzima ukasimama. Nikaomba kama mama alivyotufundisha, bila haraka. Nilipofumbua macho, watu wa meza mbili walikwisha kuondoka zao, na mwanamke mmoja aliyekwisha kuweka sahihi alikuwa anaidai karatasi yake. Yule mama wa mauzo alinitazama kama nimemmwagia maji jikoni. Akatupa mpaka mwisho wa mwezi tufikirie.

Sasa sikiliza. Nataka tununue kwa ajili yako. Uliapa mbele za Mungu kwamba hutalala tena chini ya paa la shemeji yako, siku ile alipozicheka sala zako, akawaambia wageni kwamba Mungu si kiziwi, hana haja ya kupigiwa kelele alfajiri. Tangu hapo hatujalala nyumba moja tukaongea mpaka usingizi ukatushinda. Nakuona kwa saa mbili, halafu unakimbilia basi. Lakini ile si nyumba yake, dada. Ni ya watu hamsini na wawili! Uje.

Mdogo wako akupendaye

*

12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu katika jina la Mungu. Mimi nipo, goti lipo, tunavumiliana. Nilipofika kwenye ile tela nilicheka mpaka msimamizi wa chumba cha kufulia akachungulia kuona nani kapagawa.

Lakini kiapo ni kiapo. Nimelipima jambo lako huku nakunja mashuka. Umesema mwenyewe kwamba zamu ikifika usukani ni wake. Basi na paa ni lake. Hizo wiki nyingine si zake, ni kweli, ila na ninyi hamtakuwepo. Mungu hazungushwi kama karani wa mlangoni.

Usidhani sitaki. Jana nimekunja shuka na mwenzangu, yeye ncha hii, mimi ile, nikakukumbuka tulipokuwa tunamkunjia mama, tukivutana mpaka wewe unaanguka. Nunueni, mkapumzike, mniandikie bahari ina rangi gani asubuhi.

Usimsalimie shemeji. Haya, msalimie kidogo.

Dada yako

*

17 Juni

Dada,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umelegea. Barua yako nimeililia juu ya kola ya sare, ikabidi niifue.

Breki aliniuliza nini kimenisibu, nikamsomea yote, hata ule usukani. Alirudi sebuleni kuangalia geti. Leo asubuhi kaazima tena kile kigari, kasema anakwenda kuangalia matairi. Matairi gani, gari si lake! Jua limezama na hajarudi, simu kaiacha juu ya friji. Kama ameudhika akaenda kuukataa ule mpango, sitamlaumu. Niombee.

Mdogo wako

*

19 Juni

Dada wee! Salamu zitakuja baadaye!

Amerudi, mavumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umetoka wapi?"

"Baharini. Nimenunua wiki."

"Bila mimi?"

"Yule mama aliuliza kama mke wangu yupo. Niliposema hayupo, akashusha pumzi."

"Breki, dada kasema haji!"

"Kasema hawezi kulala chini ya paa langu. Hili si langu. Nimemnunulia yeye. Jina lake, ufunguo wake. Sisi ni wageni wake, akitukaribisha."

Nikakaa chini. "Na asipotukaribisha?"

"Nitalala kwenye gari. Si ndiko nilikolala maisha yangu yote?"

Anasema nikuandikie kwamba maneno yale aliyasema ili wageni wacheke, na wale wageni hata majina yao kayasahau, wewe hajakusahau. Karatasi hizi hapa. Ukikubali, weka sahihi, urudishe. Nimeshaziombea, kwa ufupi.

Mdogo wako, anayengoja

*

30 Juni

Kwa wageni wangu,

Hamjambo nyote wawili? Mimi sijambo, Mungu asifiwe.

Sahihi nimeweka, baada ya kuomba siku tatu. Shemeji, asante. Nimeliandika neno hilo mara mbili, la kwanza lililowa.

Chumba cha vitanda viwili ni cha mimi na mdogo wangu. Shemeji atalala cha mbele, na asigonge ukuta tukicheka. Alfajiri nitasali kwa sauti yangu ileile, maana ni kwangu.

Maisha yangu yote nimepanga, mara chumba, mara nusu chumba. Sijawahi kumwambia mtu "karibu" bila kwanza kumwomba mwenye nyumba ruhusa. Kwa hiyo nitatangulia kwa basi la asubuhi. Ninyi njooni taratibu nyuma, na mkifika mbishe hodi kweli kweli, hata kama mlango mtauona wazi. Msiingie mpaka niitike.

Dada yenu, mwenye nyumba