Ncoolo ya Mwongera

Muthara,
Jumapili.

Mpendwa mdogo wangu Karambu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini huko Embu kwa masista unaamka salama, na kile kikohozi kimeachana nawe. Sisi ni wazima. Mama goti linamsumbua kukiwa na baridi, lakini kanisani hakosi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wanovisi hamruhusiwi simu, na mkono umeanza kuuma kabla sijamaliza salamu. Siku hizi kazi yangu ni kubonyeza tu.

Uliuliza ni kazi gani hiyo inayonifungia chumbani mchana kutwa. Kampuni fulani ya ng'ambo hunitumia picha za nyuso kwenye kompyuta. Nyingine ni za watu, nyingine zimetengenezwa na mashine, nyuso za watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Natazama masikio, meno, kola ya shati, kisha nabonyeza MTU au SI MTU, inakuja nyingine. Nimezoea vibaya, hata padri akihubiri namkagua masikio. Baba aliidharau kazi hiyo hadi ilipotuwekea tangi la maji. Sasa anafukuza watoto wasipige kelele dirishani kwangu.

Habari za Mwongera ulizipata kwa Mama. Tulijuana mtandaoni, akasema kwao ni Kianjai na kwamba ni fundi wa mitambo melini. Kwa video hatukuwahi kuonana, kwani alisema mtandao wa baharini ni wa shida. Alinitumia picha, na Kimeru chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Mimi na miaka yangu thelathini na sita, nilimpenda. Nakwambia wazi, usinicheke.

Baba alisema hatoi binti kwa simu. Anayemtaka Ntinyari alete ncoolo, kile kifungu cha miraa cha posa, kikiwa kimefungwa kwa majani ya mgomba inavyotakiwa. Unajua kwetu mzee akishakipokea na kukitafuna na wenzake, amekubali, na hakuna kurudi nyuma. Mwongera akampigia, wakaongea kirefu, na Baba akatoka hapo akitabasamu. Mwongera alimweleza kwamba wazee wake wote wameshafariki, kwa hiyo ataagiza kwa Njuki, yule kijana wa hapa sokoni anayeuza miraa mtandaoni.

Jumamosi iliyopita ncoolo ikaletwa na bodaboda. Mama alicheka mpaka akakaa chini, posa kuletwa na mtu ambaye hajavua hata helmeti. Baba mdogo Mithika alisema haifai, lazima aje mtu wa ukoo. Baba alimjibu kwamba hata sadaka siku hizi inatumwa kwa simu na Mungu hajairudisha. Akafungua majani polepole, akagawa. Walitafuna hadi jioni wakipanga mambo ya Desemba, Mwongera atakapokuja, nani atachinja, nani atapokea wageni. Yale majani Baba ameyaweka juu ya kabati na hataki yaguswe.

Sasa nikwambie lililonifanya nikuandikie. Asubuhi ya Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa kazini. Ikaja picha. Karambu, alikuwa yeye, Mwongera. Lile tabasamu, lile shati la samawati alilosema alishonewa Mombasa. Nikatazama kola, upande mmoja imezama ndani ya shingo. Kwenye kioo kidogo cha simu sikuwahi kuona hivyo. Nikabonyeza SI MTU. Ikaja nyingine, ya mama mzee, nikabonyeza MTU. Nilifanya kazi yote ya asubuhi hiyo nikaimaliza. Nauli ya kumleta Desemba nilikuwa nimemtumia jana yake, na tangu hapo simu yake haipatikani.

Na ile ncoolo niliiagiza mimi. Aliniambia kadi yake inakataa huko baharini, nimsaidie, nami nikaona ni jambo dogo. Nilijiposa, mdogo wangu. Pikipiki ilipofika nilikuwa nimesimama mlangoni, najua kila kitu, namtazama Baba akifungua kamba. Neno moja tu na angekirudisha kile kifungu. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Nimekufa ganzi, kama fizi ukishachomwa sindano ya kung'olewa jino. Nakula, nafanya kazi, nafua. Kinachonishinda ni ile sauti. Sauti ilikuwa ya mtu, ilimwamkia Baba kwa heshima zote, na sijui niibonyezee wapi.

Kwa hiyo usimsumbue Mama Mkuu wenu kwa ajili ya ruhusa ya Desemba. Hakuna mgeni anayekuja. Baba nitamwambia, ila siku yenyewe sijaijua.

Mama anakusalimu, na njahi zako, yale maharagwe meusi, amezitenga. Niombee ukipata nafasi. Baba amepita hapa sasa hivi, ameona naandika. Anasema nikusalimu sana, na nikuulize kama ruhusa umepata, maana si vizuri shemeji yako aje asikukute. Nimeandika alivyosema.

Ni mimi dada yako,
Ntinyari.