Kiwikoni Hapajengwi

Mama,

Leo sikusalimii kwanza. Salamu yako ipo, utaipata mwisho, maana nina hasira na wewe na sijui pengine pa kuipeleka.

Mto umefika. Siku tuliyokuzika, kati ya kaburi lako na ukingo lingepita kundi zima la ng'ombe wa Wasukuma na vumbi lao. Sasa hata mbuzi mmoja angesita. Maji yamefanya vilevile ulivyotufundisha: hayagombani na juu, yanachimba chini kimyakimya, ukingo unabaki unaning'inia, juu panachorwa ufa, halafu siku moja unasikia kishindo na kipande cha shamba kimekwenda. Ufa mpya umeanzia miguuni pako. Na mvua zimeshaanza huko juu milimani, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kwa hiyo kaka Deo alikuja jana kutoka Kidatu. Aliomba ruhusa kazini kwake kwenye mashamba ya miwa, akapata kibali cha kijiji cha kufukua kaburi, akaja na vijana wa kuchimba na sanduku jipya. Ndugu yako, mjomba Kasiani, alishatoa sehemu kwake Idete, mwinuko mzuri, mto hauwezi hata kuota kufika huko. Wote tulikubaliana. Mimi mwenyewe niliinjika sufuria ya wali wa wachimbaji.

Nilikuwa napepeta mchele uani, wenyewe wameshatangulia na majembe, jirani yetu mama Stela akapita akaniuliza, "Kwa hiyo ndiyo mnamhamisha leo?"

Neno hilo, Mama. Ungo ulinitoka mikononi.

Maana siku zako za mwisho ulitushika mikono, ukasema, "Mnizike kiwikoni. Nikihama, nimehama. Msinifuate." Tukalia wote. Tulidhani unaaga kwa maneno laini kama wagonjwa wengine. Lakini wewe lini uliwahi kusema maneno laini? Mtu akifa ulisema amekufa. Hukuwa na "ametutoka" wala "amepumzika", hata mbele ya padri. Kuhama kwako lilikuwa neno la mto. "Mto umehama," ulikuwa ukisema, ukionyesha lile bwawa lililopinda nyuma ya mashamba ya mpunga, kwamba zamani mto wenyewe ulipita pale, ukachoka na kona yake, ukajikatia njia nyingine na kuliacha.

Na ni nani aliyewaambia watu wa Mofu yote kwamba kiwikoni hapajengwi? Deo alipotaka kuweka nyumba pale ulimfokea hadi akapakia matofali yake kwenye mkokoteni. "Pale mto unapokunja mkono ni pake. Unakula upande huu, unatapika upande ule." Halafu wewe huyohuyo ukaomba kulala hapo. Sisi wanao, tuliosoma shule, tukaona ni kupenda mandhari tu.

Nikakumbuka mchanga. Chini kidogo ya kiwiko, ng'ambo, pale maji yanapopunguza mwendo na kutua mzigo wao, kila kiangazi mchanga unaibuka, na kila kiangazi tulivuka kwa mtumbwi kwenda kupanda viazi. Ulikuwa lazima ushuke wa kwanza, pekupeku, usimame kidogo, useme, "Habari za siku nyingi." Nilidhani unasalimia shamba. Nilikucheka na kukuita mama wa viazi.

Baba alizama kiwikoni. Mtumbwi ulipinduka, wavuvi wakatafuta wakachoka, hawakupata kitu ila lile pondo lake la kusukumia mtumbwi, tena wakaliokota kwenye mchanga huo. Ulikuwa unamsalimia Baba.

Nilikimbia na pumba mikononi. Msalaba ulikuwa umeshang'olewa, jembe limeshaingia. Nikasema, "Deo, acha." Akaniuliza mbele ya vijana wote, "Wewe unataka Mama aliwe na mamba?" Nikamwambia, "Anamfuata Baba. Alituambia, hatukusikia." Akatupa jembe chini, ukingo ukajibu, bonge la udongo likadondoka majini na wale vijana wakaruka nyuma wote. Mjomba, aliyekuja kusimamia, akaniuliza taratibu, "Alisema kuhama? Neno hilohilo?" Nikamwambia hilohilo. Akachukua koleo, akaanza kurudishia udongo.

Deo alikaa ametugeuzia mgongo, anautazama mto. Tulipomaliza alikuja akakanyagakanyaga udongo kwa mguu kuushindilia, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Hakula wali wangu. Leo asubuhi amepanda basi, sanduku tupu juu ya keria, na hajaniaga.

Sasa unaelewa hasira yangu? Wewe uliyesema kila kitu wazi, hili moja ukalifunga kwenye neno moja na kutuachia tulifungue wenyewe huku maji yanapanda. Naogopa, Mama. Kama nimekuelewa vibaya, nimekutupa, na hakuna atakayeniambia. Nasikia kila kishindo cha ukingo nikiwa jikoni.

Msalaba wako umeegemea ukuta wa chumba changu. Utakaa hapo.

Nenda salama. Siku kiwiko kitakapokatika sitakuja kutazama. Ulisema tusikufuate, nami nimesikia, ingawa kwa kuchelewa. Ila maji yakishapungua na mchanga mpya ukiibuka ng'ambo, nitavuka na marando ya viazi. Nitamwita Deo, na akikataa nitavuka peke yangu. Nitashuka wa kwanza, pekupeku, jembe nikiwa nimeliacha mtumbwini, na hapo nitairudia kwa sauti salamu niliyokunyima mwanzoni mwa barua hii.

Shikamoo, Mama. Shikamoo, Baba.

Mwanenu,
Anjela